Darasa la uandishi la Jumamosi, Chang'ombe Dodoma: rasimu wanazijua, kusahihisha bado

Tuisheni nyingi hufundisha insha kwa njia moja: mwalimu anaandika ubaoni insha iliyokamilika, wanafunzi wanainakili, kisha wanaikariri kusubiri mtihani. Mada ikibadilika kidogo, wamekwama. Darasa hili halifanyi hivyo, na ndiyo sababu kubwa ya kulipendekeza. Lina makundi matatu: watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, wanafunzi wa sekondari, na watu wazima. Kipindi ni dakika 90 kwa shilingi 5,000. Daftari na kalamu unakuja navyo.

Kundi la sekondari ndilo bora. Chukua mada kama "Namna ya kupogoa mzabibu", ambayo mtoto wa Dodoma ana la kusema juu yake. Dakika kumi za mwanzo hakuna anayeandika. Wanaelezana wawili wawili, na msikilizaji anauliza: unatumia mkasi gani? Unaacha macho (vichipukizi) mangapi kwenye tawi? Unapogoa lini? Majibu hayo ndiyo hoja. Yanaorodheshwa, yanapangwa kwa namba, ndipo rasimu ya kwanza inaandikwa kwa kuruka mstari mmoja ili nafasi ya kurekebisha ibaki. Kisha mwenzako anakusomea kazi yako kwa sauti. Hatua hii isirukwe kamwe, kwa sababu sentensi isiyo na nukta humkata msomaji pumzi, na upatanisho wa maneno uliovunjika ("matawi yaliyokauka ikatwe") sikio hulinasa kosa lake kabla ya jicho.

Jambo jingine zuri: utangulizi huandikwa mwisho. Wanafunzi wengi huanza kwa kufafanua kila neno lililo kwenye kichwa cha insha, nusu ukurasa unaisha kabla hoja haijagusa karatasi. Hapa wanaanza na aya za katikati, kila aya hoja moja na mfano wake, halafu wanarudi kuandika sentensi tatu nne za kufungulia.

Kwa watoto, daftari ni la mistari minne, na herufi hazifuati alfabeti bali mwendo wa mkono: c, o, a, d, g kwanza, kwa kuwa zote huanza na mzunguko uleule, kisha i, l, t, u, j, halafu n, m, h, r, b, p. Kwa mpangilio huo b na d hukaa mbali, nazo ndizo watoto huzichanganya zikifundishwa wiki moja. Kabla ya kuandika sentensi mtoto huchora, kisha husimulia mchoro wake. Anayezungumza Kigogo au Kirangi nyumbani huruhusiwa kusimulia kwa lugha hiyo kwanza. Ni uamuzi sahihi kabisa: mtoto asiye na la kusema hana la kuandika, hata mwandiko wake uwe mzuri namna gani.

Watu wazima wamepunjwa. Wanapewa a, e, i, o, u zilezile za watoto, na maandishi ya ubaoni ni madogo kwa watu ambao wengi wamevuka miaka 40. Mama aliyekuja ili aweze kujaza kitabu cha VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa fedha, aanze na jina lake, tarehe na kiasi cha fedha. Njia inayofaa ni hii: aseme sentensi yake, mwalimu aiandike kwenye kipande cha karatasi, kisha mama mwenyewe aisome, aikate neno kwa neno, aipange upya, ainakili, kisha aiandike bila kutazama.

Tatizo kubwa liko kwenye kusahihisha. Karatasi inarudi imejaa wino mwekundu: l na r zilizochanganywa, h iliyodondoshwa, nukta, vyote kwa pamoja. Mwanafunzi anatazama alama na kufunga daftari. Mwalimu naye anaumia: insha 35 kwa dakika tano kila moja ni karibu saa tatu. Achague aina mbili tu za makosa kwa kila kazi, apige mstari chini na kuandika herufi pembeni, T kwa tahajia, U kwa upatanisho, bila kutoa jibu. Maoni juu ya hoja yatangulie. Kisha dakika 15 za mwanzo wa kipindi kinachofuata ziwe za mwanafunzi kujirekebisha mwenyewe. Kwa sasa muda huo haupo, ndiyo maana makosa yaleyale yanarudi kila wiki.

Mwanafunzi wa sekondari mpeleke bila wasiwasi, mtoto mdogo pia. Mtu mzima azungumze kwanza na mwalimu, aseme anataka kuandika nini hasa: barua kwa mwenyekiti wa mtaa, muhtasari wa kikao, au ujumbe wa simu. Na kabla ya kulipa, omba uone daftari la mwanafunzi aliyekaa miezi miwili. Mada moja iwe na rasimu mbili zinazotofautiana.