Metallica ikipimwa kwa besi: diski za kununua na za kuacha

Katanga ni nchi ya gitaa. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, gitaa moja lilifanya kazi ya mawili: kidole gumba kinatembea na besi, cha shahada kinachezea sauti ya juu. Sikio lililolelewa na muziki wa namna hiyo halivumilii muziki usio na chini. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi akitaka kununua Metallica, bendi ya metali ya Marekani, aanze kwa kuuliza besi iko wapi, kelele za gitaa atazikuta tu. Kila mpiga besi wao alipobadilika, sauti nzima ya bendi iligeuka.

Kwanza, ni nani anabeba nini. Bendi iliundwa Los Angeles mwaka 1981 na Lars Ulrich, mpiga ngoma aliyezaliwa Denmark, pamoja na James Hetfield, mwimbaji ambaye ndiye pia akompa, yaani mpiga gitaa la mdundo. Mpenzi wa sebene atavutwa na solo za Kirk Hammett, lakini injini ni mkono wa kulia wa Hetfield. Mara nyingi unapiga nyuzi kwa kushuka tu, haupandi, huku ubavu wa kiganja umezilalia karibu na daraja la gitaa ili zisivume. Kwetu solo na mi-solo, gitaa la kati, ndio wanaoiongoza dansi. Hapa akompa ameshika usukani.

Diski ya kwanza, Kill 'Em All ya 1983, ina kasi nyingi na sauti nyembamba. Si mahali pa kuanzia, ingawa mpiga besi Cliff Burton amepewa humo wimbo mzima wa solo ya besi, jambo ambalo bendi nyingi za kelele zisingethubutu. Ride the Lightning ya 1984, iliyorekodiwa Copenhagen na Flemming Rasmussen, ina uzito zaidi. Kwenye For Whom the Bell Tolls ile sauti kali ya mwanzo ambayo wengi huapa ni gitaa ni besi ya Burton, imepitishwa kwenye distoshini ya kukwaruza sauti na wawa, pedali inayoifanya ilie kama mtu. Bafle zako, yaani spika, zikiifanya isikike kama nyuki ndani ya kopo, kosa si la Burton.

Master of Puppets ya 1986 ndiyo ya kununua kwanza. Nyimbo 8, chini kidogo ya dakika 55, na hakuna wa kujazia nafasi. Burton hupiga kwa vidole, kwa hiyo besi yake ni ya mviringo na inapita chini ya gitaa bila kugombana nalo. Kwenye Orion, isiyo na maneno, besi inaongoza kama mwimbaji, na sehemu ya katikati inatulia kiasi kwamba hata asiyependa metali atakaa kimya. Tarehe 27 Septemba 1986 basi la bendi lilipinduka Sweden na Burton akafa, akiwa na miaka 24.

Hapo tunafika kwenye diski yenye ubishi. ...And Justice for All ya 1988 ina nyimbo ndefu, zenye kona nyingi, na mkono wa Hetfield haujawahi kuwa mkali hivyo. Lakini besi haisikiki. Jason Newsted, aliyechukua nafasi ya Burton, alipiga. Mchanganyiko wa sauti ndio uliomzika. Alitumia mediatori, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, badala ya vidole na alifuata gitaa noti kwa noti, kwa hiyo hakuwa na njia yake mwenyewe. Gitaa nalo lilipunguzwa sauti za kati na kuongezwa za chini, likakalia kiti cha besi. Na mmoja wa waliochanganya diski hiyo amesema hadharani kwamba Ulrich ndiye aliyeagiza besi ishushwe.

Usijaribu kuitibu kwa ekwalaiza. Ukipandisha hezi 60 hadi 100 utakachoongeza ni ngoma ya mguu na ule mgongano wa nyuzi zilizozibwa. Bafle zitatikisika, besi itabaki kaburini. Hata toleo lililosafishwa upya mwaka 2018 halikuirudisha. Mpiga gitaa anayejifunza aichukue kama kitabu cha mazoezi. Mwenye baa asiiguse.

Ajabu ni kwamba diski nyeusi ya 1991, ile yenye jina la bendi tu, ilirekodiwa katika studio ileile ya One on One, Los Angeles, na mpiga besi ni huyohuyo Newsted. Kilichobadilika ni mtayarishaji Bob Rock na muda: Oktoba 1990 hadi Juni 1991. Rock aliwataka wapige pamoja chumbani badala ya kila mtu kujirekodi peke yake, akapunguza kasi, akaiachia besi nafasi kati ya ngoma na gitaa. Ndiyo iliyouzwa kuliko zote, zaidi ya nakala milioni 16 Marekani peke yake. Wapo wanaosema hapo ndipo bendi ilijiuza. Wasikilize Sad But True kwenye wufa, spika ya besi, ya inchi 15 kisha warudie maneno hayo.

Load ya 1996 na Reload ya 1997 zingetoa diski moja nzuri kama mtu angekuwa na mkasi. Ya kwanza imejaa hadi karibu dakika 79. Anayepiga pamoja nazo ashushe nyuzi zote nusu toni. Afanye hivyo pia kwa rekodi nyingi za tamasha tangu miaka hiyo, la sivyo atadhani gitaa lake limeharibika.

Newsted aliondoka mwaka 2001. Kwenye St. Anger ya 2003 Bob Rock mwenyewe alishika besi, na Robert Trujillo akaingia mwaka huohuo. Solo hakuna. Ngoma ndogo imefunguliwa zile waya za chini, kwa hiyo kila pigo linalia kama sufuria tupu, na linalia dakika 75. Iache dukani.

Death Magnetic ya 2008 ina nyimbo nzuri zilizopikwa kwa moto mkubwa mno. Sauti ilibanwa hadi vilele vya mawimbi vikakatwa, kwa hiyo mkwaruzo umo ndani ya diski yenyewe. Lubumbashi tatizo linakuwa mara mbili: jioni umeme ukishuka chini ya volti 220, ampli nyingi hukosa nguvu ya kufikia vilele na kuvikata tena. Punguza sauti robo nzima kabla ya kulaumu bafle. Wapenzi waligundua mapema kwamba nyimbo hizohizo zilitoka zikiwa hazijabanwa hivyo ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero. Hardwired... ya 2016 na 72 Seasons ya 2023 zinasikika vizuri, Trujillo anapiga kwa vidole na anasikika, ila zote mbili zinachosha kabla hazijaisha.

Kuhusu kununua kwa flashi, ambako wengi wetu ndiko tunakopita: angalia ukubwa wa faili. Wimbo wenyewe wa Master of Puppets una dakika 8 na sekunde 35. Kwa kilobiti 320 kwa sekunde unakuwa na megabaiti 20 hivi, kwa 128 unakuwa na 8. Kwenye hiyo ya 8 matoazi ya Ulrich yanageuka mchanga unaomwagwa. Muuzaji akikuongezea faili ndogo hadi ukubwa wa 320 amekuongezea uzito tu, kilichopotea hakirudi, kwa hiyo sikiliza matoazi pia. Na ile ekwalaiza ya baa iliyochorwa kama tabasamu, sauti za chini na za juu zimepandishwa, katikati shimo, inaliua gitaa ambalo limeshapunguzwa katikati studioni. Weka mstari ulionyooka, kisha ongeza kidogo kwenye kilohezi 1.

Kama unanunua bafle pamoja na muziki, mwambie muuzaji aweke Orion, aipeleke kwenye ile sehemu tulivu ya katikati, kwa sauti ya mazungumzo tu. Kila noti ya Burton ikitoka peke yake, lipa. Zikishikana zote kuwa mvumo mmoja, mwombe aunganishe bafle nyingine.