Biblia ya Union kwa mwenye hofu ya kesho

Mtu akiingia duka la vitabu vya Kikristo na hofu ya kodi au ada, mara nyingi hutoka na kijitabu cha ahadi, mstari mmoja kwa siku. Afadhali aongeze pesa kidogo anunue Biblia nzima. Kwa haja hii ya kumtegemea Mungu kwa riziki, chaguo letu la kwanza ni tafsiri ya Kiswahili iitwayo Union, ya 1952, ingawa Kiswahili chake kimezeeka.

Nguvu yake iko kwenye maneno ya jikoni na ya barabarani. Katika Kutoka 16 mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, inaokotwa "kichwa pishi", yaani pishi moja kwa kila mtu. Pishi ni vibaba vinne, kipimo cha nafaka cha pwani, kwa hiyo msomaji anaiona riziki ya siku moja ikiwa ndani ya chombo. Siku ya sita ni pishi mbili. Aliyebakiza siku nyingine akakuta mabuu asubuhi. Mjane wa Sarepta aliyemlisha nabii Eliya (1 Wafalme 17) ana "konzi ya unga katika pipa". Na 1 Petro 5:7 inasema "mkimtwika yeye fadhaa zenu zote". Aliyewahi kutwikwa ndoo ya maji anajua: mzigo ukishakaa kichwani kwa mwingine, mikono yako iko huru. Neno moja linatupa picha hiyo yote.

Kasoro zipo. "Yatosha kwa siku maovu yake" (Mathayo 6:34) humpotosha msomaji wa leo anayedhani ni dhambi, kumbe ni taabu za siku hiyo. Hapo fungua pembeni Biblia Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi. Kwenye simu, ukitafuta "wasiwasi" ndani ya Union hutaipata Mathayo 6, kwa sababu pale neno ni "msisumbukie". Wafilipi 4:6 nayo ina "msijisumbue kwa neno lo lote", na "lo lote" la chapa za zamani limetenganishwa, hivyo ukiandika "lolote" unaweza kuikosa. Andika neno zima kama lilivyochapwa.

Kosa kubwa zaidi ni la msomaji mwenyewe: kukata mstari. Mathayo 6:25 inaanza na "Kwa sababu hiyo", na sababu yenyewe iko mstari wa 24, kuhusu Mungu na mali. Kichwa kidogo cha habari kikichapwa katikati, jicho linaruka. Anza 6:19 uende hadi 34. Wafilipi 4:19, inayosema Mungu atawajaza kila wanachokihitaji, ndiyo inayoumizwa zaidi. Inabandikwa ukutani kama hundi ya tajiri, ilhali Paulo anawaandikia watu waliokwisha kumtumia msaada kwa mkono wa mjumbe wao Epafrodito, na mistari ya 11 na 12 inasema amejifunza kuridhika, kushiba na kuona njaa. Isome pamoja na hiyo, la sivyo ada ikichelewa imani itavunjika kwa ahadi ambayo Mungu hakuitoa.

Namna ya kuitumia wasiwasi ukipanda usiku: soma Wafilipi 4:4-9 kwa sauti, kisha chukua karatasi. Andika haja kwa jina na kiasi, kwa mfano "kodi, 150,000, tarehe 5". "Nisaidie" peke yake haitoshi. Paulo anataka haja zijulikane. Chini yake andika shukrani, nazo ziwe za kweli: unga uliopo, mtoto aliyepona. Mwisho andika kazi moja ya asubuhi, kama kumpigia mwenye nyumba kabla hajapiga yeye. Waisraeli walitoka hemani kuokota, na jua lilipokuwa kali mana iliyeyuka.

Kuhusu kununua: epuka ile ndogo ya mfukoni. Karatasi yake huonyesha maandishi ya upande wa pili, na kwa mwanga wa taa utaiacha kabla ya kufika mstari wa 34. Chukua ya maandishi makubwa, yenye nafasi pembeni ya kuandika tarehe haja ilipojibiwa.