Kizimba cha Nyoka wa Kwanza: Kipi Kinunuliwe na Kipi Kiachwe

Anayenunua kizimba cha nyoka kwa mara ya kwanza huangalia sura na bei, na mara nyingi fedha zote huishia kwenye sanduku lenyewe kabla hajafikiria vifaa vitakavyowekwa ndani yake. Nyoka hajizalishii joto la kutosha mwilini kama sisi. Hulitafuta katika mazingira yake, kwa hiyo hamu ya kula, usagaji wa chakula na hata kinga ya mwili hutegemea joto la mahali alipo. Ndiyo maana hapa vizimba vimepangwa kwa kigezo kimoja, yaani urahisi wa mfugaji mgeni kudhibiti joto na unyevu ndani yake. Uzuri wa kutazama sebuleni ni jambo la baadaye.

Vipimo vifuatavyo vinawahusu nyoka wawili wasio na sumu ambao hupendekezwa sana kwa wanaoanza. Wa kwanza ni nyoka-mahindi wa Marekani, Pantherophis guttatus, ambaye akikomaa huwa na urefu wa sentimita 90 hadi 150. Wa pili ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi na ya Kati, Python regius, ambaye jike hufikia sentimita 120 hadi 150, na dume kwa kawaida huwa mfupi zaidi. Kwa yeyote kati yao, kizimba cha urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60 ni kianzio kizuri cha maisha ya utu uzima. Zamani ilidhaniwa kwamba nyoka hahitaji kujinyoosha, lakini wafugaji wengi wameuacha ushauri huo. Hoja ya kwamba nyoka mchanga huogopa nafasi kubwa ina ukweli nusu tu: kinachomtia hofu ni uwanja mtupu, na ukiujaza kwa maficho, magome na majani bandia, hofu hiyo hupungua sana.

Nafasi ya kwanza ninaipa kizimba cha plastiki ngumu ya PVC chenye milango ya mbele. Hakiozi, hakinyonyi maji, ni chepesi kwa ukubwa wake, na kuta zake hutunza joto na unyevu bila mfugaji kupambana navyo kila siku. Mlango wa mbele nao una faida isiyoonekana kwenye picha za dukani: porini, ndege wawindaji humshukia nyoka kutoka juu, kwa hiyo mkono unaoingia kwa mbele humshtua kidogo kuliko unaotokea juu ya kichwa chake. Kabla ya kulipa, chunguza mahali vioo viwili vya kuteleza vinapopishana. Hapo huwa na mwanya mwembamba ambao nyoka mkubwa hawezi kuupita, lakini mtoto aliyetotolewa karibuni, mwembamba kama penseli, anaweza. Kichwa kikipita, mwili wote utafuata. Mwanya huo uzibwe kwa ukanda maalumu wa plastiki, na mlango uwe na kufuli, kwa kuwa nyoka husukuma kioo kwa pua usiku kucha mpaka kisogee.

Nafasi ya pili inategemea nyoka mwenyewe. Kwa nyoka-mahindi, anayeridhika na unyevu wa asilimia 40 hadi 60, kizimba cha mbao au melamini (ubao uliofunikwa kwa tabaka jembamba la plastiki) ni chaguo zuri sana, kwa sababu mbao hushikilia joto vizuri na fundi anaweza kukitengeneza kwa vipimo unavyotaka. Kwa chatu, anayehitaji asilimia 60 hadi 80, nina wasiwasi nacho: maji hupenya kwenye maungio, ubao huvimba, kisha ukungu huanza pembeni pasipoonekana. Anayekichagua hata hivyo azibe kila kiungo kwa silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu, na akiache wazi siku kadhaa hadi harufu iishe kabisa. Kwa chatu, basi, nafasi hiyo ya pili iende kwa kizimba cha kioo chenye milango ya mbele. Kasoro yake ni paa la wavu linaloruhusu joto na mvuke kutoka kwa pamoja. Sehemu kubwa ya wavu huo hubidi ifunikwe, ikiachwa nafasi ya taa na ya hewa kupita.

Nafasi ya tatu itawashangaza wengi, kwa maana ni kontena la kawaida la plastiki lenye kifuniko cha kubana, lililotobolewa matundu ya hewa kwa chuma cha moto. Halipendezi, na halifai kuwa makao ya kudumu. Hata hivyo, kwa mtoto wa nyoka katika miezi yake ya mwanzo, au kwa nyoka mgeni aliyetengwa ili achunguzwe afya, hutunza unyevu vizuri na husafishwa kwa dakika chache.

Tangi la samaki lenye kifuniko cha wavu nimeliweka mwisho kabisa, ingawa ndilo ambalo wengi huanza nalo kwa kuwa tayari liko nyumbani. Hufunguliwa kwa juu, hupoteza joto kupitia wavu na kuta, huwa zito, na kioo chake cha pande zote nne humwacha nyoka bila mahali pa kuegemea akajiona salama. Kama hakuna budi litumike, funika pande tatu kwa karatasi nyeusi kwa nje, na kifuniko kifungwe kwa vibanio. Jiwe zito lililowekwa juu ya wavu halitoshi.

Sasa tuje kwenye kifaa ambacho kingefaa kununuliwa kabla ya sanduku: themostati, yaani kidhibiti kinachopima joto na kuongeza au kupunguza umeme wa kipashajoto chenyewe. Hakuna chanzo cha joto kinachopaswa kuwashwa bila kuunganishwa nayo, hata kile ambacho muuzaji anaapa kwamba hakichomi. Themostati ya kuwasha na kuzima inatosha kwa pedi ya joto. Kipashajoto cha kauri hufanya kazi vizuri zaidi na themostati ya kutuma umeme kwa midundo. Na balbu ya halojeni huhitaji ile inayopunguza mwanga polepole. Upande wa joto uwe na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi kwa chatu na 29 hadi 31 kwa nyoka-mahindi, huku upande wa pili ukiachwa upoe hadi takriban 25 kwa chatu na 22 hadi 24 kwa nyoka-mahindi, ili nyoka achague mwenyewe. Waya wa kihisio, yaani ncha ya themostati inayopima joto, ufungwe imara kwa vishikizo. Nyoka akiusukuma ukaangukia kwenye bakuli la maji, themostati itasoma ubaridi na kuendelea kuchochea moto wakati kizimba tayari kinaungua. Usiufunge kwa utepe wa gundi, kwa sababu nyoka hunata juu yake, na akijinasua magamba hubanduka na ngozi kujeruhika. Chanzo chochote kilicho ndani kizungushiwe kikinga cha waya, kwani nyoka hujizungusha kwenye balbu ya moto bila kujua anaungua. Mawe ya umeme ya kupashia joto usiyanunue kabisa.

Vitu vilivyobaki havihitaji gharama kubwa. Maficho yawe mawili, moja kila upande, na yambane nyoka kiasi cha kugusa kuta zake. Vipimajoto viwe vya dijitali, kwa maana vile vya mshale vya kubandika ukutani hukosea sana. Kwa chatu, tandika makumbi ya nazi, ambayo hushika unyevu na kumsaidia kujivua gamba kwa kipande kimoja. Kwa nyoka-mahindi, randa za mti wa aspeni zinafaa, ila za mwerezi na msonobari ziepukwe kwa sababu ya mafuta yake yenye harufu kali. Jiwe au gogo zito likae juu ya sakafu yenyewe, kisha matandiko yamwagwe kulizunguka, la sivyo nyoka atachimba chini yake na kuangukiwa.

Kizimba kilichotumika kinaweza kuokoa fedha nyingi, isipokuwa cha mbao, ambacho hakisafishiki hadi ndani ya nyufa. Tazama kwenye pembe na chini ya reli za milango kwa tochi: vitone vyeusi vinavyotembea, vidogo kuliko mbegu ya mchicha, ni utitiri wa nyoka. Ukiviona, kiache. Usipoviona, kioshe kwa dawa ya kuua vijidudu, kisuuze, kikauke, halafu kiwashe na vifaa vyake vyote kwa wiki nzima kikiwa kitupu, ukiandika joto la asubuhi na la usiku, kabla ya kwenda kumchukua nyoka.