Ukinunua komiki za chimbuko la mashujaa, kagua rangi kwanza

Juzi msomaji wa Tanga kaniandikia akiwa amechemka. Kaagiza kitabu cha hadithi za mwanzo za Hulk, kalipia kitabu, kalipia na usafiri, kafungua kifurushi, na Hulk wa toleo la kwanza kabisa, lile la Mei 1962, ni wa kijani. "Dada, si ulituambia alianza akiwa wa kijivu?" Niliwaambia na nasema tena: alianza akiwa wa kijivu. Kitabu alichouziwa ni chapa ya kurudia ya zamani, ya enzi ambazo wachapaji walikuwa wanampaka kijani ili afanane na Hulk aliyezoeleka. Muuzaji kanyamaza. Wauzaji nitawarudia, wana zamu yao.

Meseji za namna hii zimezidi, kwa hiyo leo napanga matoleo ya kununua kwa anayetaka kusoma jinsi mashujaa wa zamani wa Marekani walivyoanza. Sitazungumzia jalada gumu wala laini, wala idadi ya kurasa. Hayo utayasoma kwenye tangazo lolote la duka. Mimi napanga kwa rangi, maana ndicho kitu ambacho hakuna anayekiuliza kabla ya kulipa na wote wanakilalamikia baada ya kulipa.

Komiki za wakati ule zilichapwa kwenye karatasi ya gazeti kwa rangi nne za wino: samawati, majenta, njano na nyeusi. Ukiacha nyeusi, kila rangi ilikuwa na viwango vichache tu, na kwa kuzichanganya ulipata jumla ya rangi 64, basi. Viwango hafifu vilitengenezwa kwa nukta ndogondogo, ndizo unazoziona ukisogeza ukurasa karibu na pua. Karatasi ya gazeti inanyonya wino, na yenyewe si nyeupe. Mtia rangi aliyajua hayo yote. Alichagua nyekundu kali akijua itapoa ikifika kwenye karatasi. Sasa chukua maelekezo yake yaleyale, uyajaze kwa kompyuta kwenye karatasi nyeupe inayong'aa, bila nukta. Uso wa Peter Parker, yule kijana ambaye ndiye Spider-Man, unawaka kama bango la duka la simu. Waliokulia kwenye jarida letu la Sani wanaelewa ninachosema kuhusu karatasi ya gazeti, hata kama ndani yake hapakuwa na mtu anayepaa.

Kwa Hulk jambo hili linaingia hadi ndani ya hadithi. Mwandishi wake, Stan Lee, alimtaka wa kijivu, na Stan Goldberg ndiye aliyekuwa akitia rangi. Kiwandani kijivu kikawashinda: kisanduku kimoja cha mchoro kimetoka cheusi karibu na mkaa, kinachofuata kimepauka, na mahali pengine ngozi ina ukijani. Toleo la pili wakaamua awe wa kijani moja kwa moja. Lakini rudi kwenye lile la kwanza uangalie Bruce Banner, mtu anayegeuka kuwa Hulk, anabadilika lini. Habadiliki akikasirika, anabadilika giza likiingia. Ni kiumbe cha usiku, na kijivu kile kilichokuwa kikiyumbayumba kilimfaa kuliko kijani chochote kilichokuja baadaye. Kwa hiyo usitosheke na kumwona wa kijivu. Ukikuta kijivu ni kilekile kisanduku hadi kisanduku, ujue kompyuta imepita hapo. Iron Man naye ni hivyohivyo: vazi lake lilikuwa la kijivu kwenye Tales of Suspense namba 39 ya Machi 1963, na toleo lililofuata tu likawa la dhahabu. Kurasa hizo mbili ndizo kipimo changu kwa kitabu chochote cha Marvel, kampuni yenye mashujaa hao.

Namba moja ni wachapishaji wa Taschen, na siombi radhi. Nina upendeleo nao na kila anayenisoma anajua. Katika mfululizo wao wa Marvel Comics Library, anza na Spider-Man ya 1962 hadi 1964, iliyotoka mwaka 2021. Badala ya kuchora au kupaka upya, walipiga picha nakala halisi za zamani, kisha wakasafisha makosa ya uchapaji. Nukta zipo. Ukurasa una kimo cha karibu sentimeta 40, mkubwa kuliko komiki yenyewe ilivyokuwa, kwa hiyo unaona hadi wino ulipopitiliza mstari. Ndani yake imo Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, kurasa 11 tu za Lee na mchoraji Steve Ditko, na kwa maoni yangu hakuna chimbuko la shujaa lililosukwa vizuri kuliko hilo. Kijana anamwacha mwizi apite kwa sababu hayamhusu, na mwizi huyohuyo anakuja kumuua mjomba wake. Mwishoni Peter anaondoka peke yake gizani, mdogo kabisa ndani ya kisanduku. Kwenye Taschen giza la Ditko linabaki giza. Kwenye kurasa zinazong'aa, taa ya chumbani kwako inalivamia.

Bei yake inatia uchungu, nakubali. Madukani imekuwa ikicheza kati ya dola 150 na 200, kabla hujalipia kilo, na kilo zenyewe si chache. Nilipouliza gharama ya kusafirisha kwa wakala mmoja, nikatajiwa bei, nikakubali, mzigo ulipofika nikaambiwa sasa wanapima ukubwa wa boksi na si uzito. Kitabu ni kikubwa, ndiyo, lakini ukubwa wake niliwatajia tangu mwanzo! Sijapata maelezo hadi leo.

Namba mbili itawashangaza vijana: Famous First Edition, mfululizo ambao DC, kampuni ya Superman na Batman, waliutoa kuanzia 1974. Ni majarida makubwa kuliko komiki ya kawaida, yanayorudia matoleo ya kwanza ukurasa kwa ukurasa pamoja na matangazo yake, tena kwenye karatasi ya gazeti. Wino ule ule, nukta zile zile, na umri umeshaipa karatasi umanjano wake. La kwanza ni Action Comics namba 1 ya Juni 1938, alipozaliwa Superman wa Jerry Siegel na Joe Shuster. Chimbuko zima limekaa kwenye ukurasa mmoja. Sayari inakufa kwa uzee na haitajwi hata jina, mtoto anarushwa angani, mpita njia mwenye gari anamwokota na kumpeleka kituo cha yatima. Wale wazazi wa kulea shambani, unaowajua kwenye sinema, hapa hawapo. Ukisoma ukurasa huo unaelewa jinsi vijana wale wawili walivyokuwa na haraka, na inauma zaidi ukikumbuka kwamba haki zote waliziuza kwa dola 130.

Kwa Batman kuwa mwangalifu. Watu wanakimbilia Detective Comics namba 27 ya Mei 1939 kwa sababu ndiyo aliyotokea mara ya kwanza, wanaisoma hadi mwisho na chimbuko hawalioni. Halimo. Lilikuja kwenye namba 33, Novemba mwaka huohuo, kurasa mbili: mtoto, risasi, kiapo kwenye mwanga wa mshumaa, halafu popo dirishani. Kurasa hizo zikarudiwa kwenye Batman namba 1 ya 1940, nayo ikapata toleo lake la Famous First Edition. Tafuta hilo. Na unapolisoma mkumbuke Bill Finger, aliyeandika mengi ya Batman na jina lake likafichwa hadi DC walipokubali kumtaja rasmi mwaka 2015.

Sasa tahadhari. Lile jarida la 1974 linalorudia Action namba 1 lina jalada la nje linaloeleza kuwa ni chapa ya kurudia. Kuna watu wanalichana hilo jalada, na kilichobaki ndani kinafanana kabisa na Action namba 1 ya 1938. Wanakiuza kama ya asili. Dawa yake ni rula: ikiwa ni kubwa kuliko komiki yoyote uliyowahi kushika, umeshikishwa ya 1974. Kwa Marvel wapo wanaouza chapa za Golden Record za 1966, zilizokuwa zikiuzwa pamoja na santuri, kama vile ni Fantastic Four namba 1 au Amazing Spider-Man namba 1 zenyewe. Hizo angalia bei kwenye jalada. Haipo. Ya asili lazima iwe na senti zake pale juu.

Namba tatu ni kitabu cha Fantastic Four No. 1: Panel by Panel cha wachapishaji Abrams, cha 2021. Hadithi ni moja tu, ya Novemba 1961, lakini kila kisanduku kimepigwa picha kutoka nakala ya zamani na kukuzwa hadi nyuzi za karatasi zinaonekana. Si cha kusoma kitandani. Ni cha kumfungia mdomo mtu anayebisha kwamba rangi ni rangi tu.

Namba nne ni Black Panther ya Penguin Classics, iliyotoka 2022. Kwa rangi peke yake ningeishusha, ila imebeba Fantastic Four namba 52 na 53 za 1966, yaani T'Challa, ambaye ndiye Black Panther, anavyoingia na baba yake anavyouawa na Klaw kwa ajili ya madini ya vibranium, na baada yake hadithi za jarida la Jungle Action, ambazo ndizo zilizomjenga. Dibaji ni ya Nnedi Okorafor. Hapa rangi ina habari yake nyingine. Jalada la namba 52 lilitoka likiwa limemfunika uso mzima, hata mtu aliyeliona dukani asingejua kwamba shujaa huyu ni Mwafrika. Na miaka mitatu nyuma yake, kwenye toleo la kwanza la Sgt. Fury, komiki ya vita ya Marvel, askari mweusi Gabe Jones alitoka kiwandani akiwa na ngozi ya waridi. Inasimuliwa kwamba watengeneza bamba za kuchapia walidhani mtia rangi kakosea, wakamsaidia.

Baada ya hapo ni mikusanyo ya Marvel wenyewe: Marvel Masterworks na mabuku mazito ya Omnibus. Utafiti wao ni mzuri, mpangilio mzuri, karatasi inang'aa mno. Omnibus inaongeza kosa la pili: katikati ya kitabu nusu ya mchoro inamezwa na mkunjo. Kwa Hulk, Masterworks ndiyo nitakayokuambia uchukue, kwa sababu kijivu kimerudi.

Za bei nafuu: Mighty Marvel Masterworks, dola 16 hivi, ndogo, zinasomeka. Faksimile, yaani nakala za kurudia za toleo mojamoja, dola 4 au 5, zina matangazo ya zamani na watoto wanazipenda. Sina la zaidi.

Haya, wauzaji. Mtu anaweka picha ya jalada, anaandika "vintage original, bei njoo inbox", unaenda inbox, anakuuliza una bajeti gani. Bajeti yangu inakuhusu nini? Taja bei. Nakala nzuri ya Amazing Fantasy namba 15 iliuzwa dola milioni 3.6 mwaka 2021. Wewe unayo moja Kariakoo kwa laki tatu, tena una mbili? Mwingine nilimwomba picha ya ukurasa wa ndani akanijibu kwamba akifungua kitabu kinapoteza thamani. Ni chapa ya juzi!

Ombeni picha ya ndani, iliyopigwa kwenye mwanga wa mchana, ya ukurasa wenye uso wa mtu, na picha ya maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza, yanakoandikwa mwaka wa kuchapwa. Akisema simu yake haina kamera nzuri, mwulizeni ile picha ya jalada aliipiga na nini.