Lebo za RFID za Bei Nafuu: Je, Zinakufa Kweli Zikiuawa?

Karibuni watazamaji. Leo tunazichambua lebo za RFID, yaani za utambuzi kwa mawimbi ya redio, za kubandika kwenye bidhaa, za kiwango kiitwacho Gen2, zinazotumia megahezi 860 hadi 960. Tazama hapa kwa karibu: hicho kidoa cheusi katikati ndicho chipu, na hizo mbawa za alumini ni antena. Betri haina. Nguvu huipata kwa kisomaji, na husomeka mita kadhaa, ikiwa ndani ya mkoba, mwenyewe asijue.

Msimbo wake wa EPC, yaani namba ya utambulisho wa bidhaa, kwa kawaida biti 96, hautaji aina ya bidhaa tu; hutaja ile moja uliyonunua wewe. Kuusimba peke yake hakutoshi, kwani namba isiyobadilika, hata kama haieleweki, inatosha kukufuatilia.

Dawa yake ni amri ya kuua, inayoizima lebo isijibu tena kamwe, yenye nenosiri la biti 32. Na hapa wengi ndipo wanapokwama! Lebo nyingi hutoka kiwandani nenosiri likiwa sufuri tupu, na lebo ya namna hiyo hukataa kufa. Basi andika nenosiri, la kila lebo liwe tofauti. Kisomaji hulificha kwa namba nasibu za biti 16 ambazo lebo imezituma waziwazi, kwa hiyo aliye karibu akizinasa hizo pamoja na amri yenyewe, analipata. Likiwa moja kwa shehena nzima, zote zimekwisha. Kisha funga sehemu ya kumbukumbu inayohifadhi nenosiri hilo, ukiweka pia nenosiri la kuingilia, linalodaiwa kabla ya kuifungua. Hilo likibaki sufuri, kufuli ni pambo.

Kwenye malipo, weka lebo moja tu mbele ya antena, tena karibu sana, maana kuua hudai nguvu zaidi kuliko kusoma. Ukishatuma amri, isome tena. Ikijibu, haijafa.

Bidhaa ya kurudishwa au yenye dhamana usiiue. Tafuta chipu ya Gen2 toleo la pili, la 2013, yenye amri ya kuficha: huficha sehemu ya EPC na namba ya TID, ile inayoitambulisha chipu yenyewe, na hupunguza umbali wa kusomwa. Lakini si lazima kila chipu iwe nayo, hivyo soma karatasi ya vipimo kabla ya kuagiza. Mimi, kwa nguo na vifaa vya kubeba mwilini, nisingenunua isiyo nayo.

Mkasi je? Ukikata antena unafupisha umbali tu. Chipu bado inaweza kusomwa kwa karibu. Kata chipu yenyewe.