Kusoma Nalanda: kampasi iliyopangwa kufuata mvua

Nimesoma shahada ya uzamili ya mazingira hapa Rajgir, jimbo la Bihar, India, na kila nikipiga simu nyumbani naulizwa chuo cha misingi ya Ubuddha kikoje. Wengi wanatarajia sanamu na ubani. Mimi huwaeleza habari za maji.

Kampasi mpya ya Chuo Kikuu cha Nalanda, iliyozinduliwa rasmi Juni 2024, iko chini ya vilima, ekari 455, na mabwawa yamechukua sehemu kubwa. Walioibuni ni Vastu Shilpa, ofisi ya wasanifu majengo aliyoianzisha msanifu wa Kihindi Balkrishna Doshi. Walirudi kwenye utaratibu wa kale wa wakulima wa huku: ahar, yaani bwawa lenye tuta pande tatu, na pyne, mfereji wa kuyaleta maji. Mvua ikishuka mlimani inapokelewa na kutunzwa hadi kiangazi.

Watawa wa Buddha waliamriwa watulie mahali pamoja msimu wa mvua, wasije wakakanyaga miche na wadudu njiani. Makao yale ya msimu ndiyo yaliyokuja kuwa vihara, yaani nyumba za watawa za kudumu, na Nalanda ya kale, ya karne ya 5, ilikuwa mkusanyiko wa vihara. Mtawa Xuanzang alitoka China akaja kusoma humo karne ya 7. Kwa hiyo nikiona majengo yamezunguka maji ya mvua, naona kazi ya watu walioielewa historia yao.

Kuta ndizo nilizozipenda zaidi. Ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa, hayakuchomwa tanuruni, na zimejengwa mbilimbili zikiachiwa uwazi katikati. Mwezi wa Mei joto hupita nyuzi 40. Weka kiganja ukutani kwa nje, utakiondoa haraka. Ingia ndani ushike ukuta huohuo, umepoa. Aliyekulia nyumba za Mji Mkongwe, zenye kuta nene na ua ndani, atajisikia yuko kwao. Na ua wa hapa kampasi una kazi: kipindi kikiisha watu hukutana hapo, wa falsafa na wa historia, na mimi wa mazingira. Mafundisho ya Buddha kwamba hakuna kitu kinachosimama peke yake niliyaelewa uani, mwenzangu wa masomo ya Ubuddha akinionyesha bwawa na ukuta.

Gharama ya yote haya ni miguu. Saa saba mchana, kiangazi, kutoka bweni hadi darasani si mchezo. Patna, mji mkuu wa jimbo, nayo iko mbali, karibu kilomita 100.

Anayetaka kuja kusoma, ningemshauri ayatembelee kwanza magofu ya Nalanda, urithi wa dunia tangu 2016. Ukishaviona vile vyumba vidogo vilivyozunguka ua, mpangilio wa kampasi utakuingia mara moja. Uje na viatu vizuri vya kutembelea, na sweta nzito: Januari ya Bihar ina baridi ambayo sisi wa pwani hatuijui.