Saplimenti za bakteria wa tumboni kwa wanaopambana na unene: ipi ununue, ipi uiache dukani

Tuelewane kwanza. Probayotiki ni bakteria wenyewe, pribayotiki ni msosi wao, mara nyingi nyuzinyuzi. Kama unataka kushusha kilo 15, hapa hupati, maana hata majaribio yaliyoenda vizuri yanaongelea kilo 1 au 2 hivi, kwahiyo anayekuuzia kopo kwa picha za "kabla na baada" achana naye.

Namba 1 kwangu wala sio bakteria. Ni glukomanani, unga wa mzizi wa konjac. Mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, ilikubali 2010 kwamba inasaidia kupunguza uzito kwa mtu anayekula kwa kipimo: gramu 3 kwa siku, unagawa mara tatu kabla ya kula, kila mara na glasi 1 au 2 za maji. Hayo maji sio mapambo, kitu kinavimba, ukikimeza kikavu kinaweza kukukaba kooni.

Namba 2 inulini na ndugu yake oligofruktosi, nyuzinyuzi za kwenye mimea. Kanada 2009 watu walikunywa gramu 21 za oligofruktosi kila siku kwa wiki 12 wakashuka kama kilo 1, wenzao waliopewa unga wa kuigizia tu wakaongezeka karibu nusu kilo. Sasa piga hesabu: kapsuli ya miligramu 500, unahitaji 42 kwa siku! Nunua unga, kapsuli ni kupigwa tu. Anza na gramu 3 upande taratibu, la sivyo gesi itakuaibisha mbele za watu.

Namba 3 ndo bakteria wanaingia, na hapa soma lebo mpaka mwisho, jina lina sehemu tatu na ya mwisho ni kodi (code), zile herufi na namba kama B420. Bifidobacterium lactis B420 ilijaribiwa Finland, ikichanganywa na nyuzinyuzi, miezi 6, waliofuata masharti wakawa na mafuta pungufu kama kilo 1.4 kuliko kundi la kulinganisha. Lactobacillus gasseri SBT2055 ya Japani ilipunguza mafuta ya ndani ya tumbo kama asilimia 4.6 kwa wiki 12, ila utafiti wa baadae ulionyesha ukiacha faida inaanza kupotea. Kopo limeandikwa "gasseri" tu bila kodi? Hiyo sio iliyojaribiwa, rudisha.

Akkermansia, bakteria mwingine wa tumboni, nayo ina kelele nyingi sana saivi. Jaribio la Ubelgiji la 2019 lilikuwa na watu wachache, insulini ilifanya kazi vizuri zaidi kwa waliopewa bakteria waliopashwa moto wakafa, lakini kwenye uzito tofauti haikuwa ya uhakika. Mimi ningesubiri.

Za mwisho kabisa ni zile "bakteria aina 30, bilioni 100" zisizo na kodi hata moja, na gami (zile za kutafuna kama peremende) zenye sukari. Angalia pia kama hiyo idadi ni ya siku ya kutengenezwa au ya mpaka tarehe ya kuisha, maana bakteria wanakufa humo humo kwenye kopo.

Ukinunua jaribu moja kwa wakati, wiki 12, pima kiuno usawa wa kitovu asubuhi kabla hujala, na usibadilishe dayati katikati maana hutajua nini kimefanya kazi. Kama unatumia dawa muulize mfamasia upishanishe masaa mangapi na hizo nyuzinyuzi, zinaweza kuchelewesha dawa kuingia mwilini, na mwenye kinga dhaifu asiguse bakteria hai bila daktari wake kujua.